Plastiki ya nganya yako ndogo iko kwa fundi wa mabango

Ingia duka lolote la vitabu mjini Kitale, uliza kama wanauza plastiki ya kuundia modeli. Utaonyeshwa kava za daftari. Nenda Bungoma, uliza karibu na soko la Chepkube, utaelekezwa kwa muuza ndoo na mabeseni. Na ole wako ukisema unatafuta "karatasi ya plastiki". Mwenye duka atakukazia macho kama umetumwa na NEMA kumtega, maana tangu Agosti 28, 2017 maneno hayo yana maana moja tu kwa Mkenya: mfuko uliopigwa marufuku, faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au jela mwaka 1 hadi 4. Sema "shiti", kama mafundi wanavyosema, au "bamba", ukitaka Kiswahili cha darasani. Hizo hazijapigwa marufuku.

Kwa hivyo wengi wenu mmeamua kwamba kitu hicho hakipo huku kwetu. Mnafungua simu, mnamwona kijana wa Uingereza au Japan akitoa paketi ya mabamba meupe yaliyopangwa kwa unene, robo milimita, nusu milimita, milimita moja, yana jina la Evergreen au Slater's, na anayakata kama mkate. Halafu mnakaa kungoja. Mmoja anangoja binamu aliye Nairobi, mwingine anangoja shangazi aliye Marekani. Miezi inaenda, nganya imebaki picha kwenye simu.

Mimi nasema mnangoja bure. Kile kinachouzwa ng'ambo kwa paketi safi ni polistairini, plastiki ya jamii ileile inayopatikana ndani ya milango ya friji mbovu na kwenye baadhi ya vikombe vya yogati. Jamaa zake wa karibu, ABS na PVC, wamejaa mtaani. Plastiki si kitu adimu Kitale wala Bungoma. Kinachokosekana ni kujua ipi ni ipi, na ujasiri wa kumwomba fundi mabaki bila kuona haya.

Naongea na wewe uliyekuwa ukiunda lori kwa mtungi wa mafuta ya kupikia, magurudumu ukikata kwa sapatu iliyochoka, na sasa umemaliza Form Four, umerudia kazi ileile lakini kwa vipimo. Unajua HiAce ya kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7, na kwamba ukiigawa kwa 24 unapata modeli ya sentimita 19 na nusu hivi, upana sentimita 7. Unajua sana. Tatizo lako ni kwamba bado unakata katoni.

Katoni imekufikisha mbali, siikatai. Lakini huku si Garissa. Mvua ya Trans Nzoia huanza Machi au Aprili na haina haraka ya kuondoka hadi mahindi yakaribie kuvunwa. Katoni hunywa unyevu hata ikiwa juu ya kabati. Pembe zinaachana, paa linabonyea katikati, rangi inakunjika. Najua kuongea vibaya juu ya karatasi mbele ya watu wa Webuye ni kutonesha kidonda, Pan Paper ilizimwa 2009 na mji ukaumia, lakini ukweli usemwe. Kazi ya katoni ni kupimia. Chora umbo, likate, lijaribu, na ukiridhika tumia vipande hivyo kuchorea plastiki, jinsi fundi cherehani anavyoweka karatasi ya kipimo juu ya kitambaa.

Mahali pa kwanza pa kwenda ni kwa fundi wa mabango. Kila mji unao, wale wanaotengeneza mabango ya kliniki, ya maduka ya dawa, ya makanisa. Wanatumia shiti za PVC zenye povu ndani, nyeupe, nyepesi, laini kwa kisu, na akriliki kwa zile herufi zinazong'aa usiku. Sasa fikiria fundi anapokata herufi O. Tumbo la O linaanguka sakafuni. Lile tumbo ni mlango wa matatu yako. Ule ukanda mrefu unaobaki pembeni mwa bango ni paa zima, na pengine na sakafu juu yake. Jioni vyote vinafagiliwa na kutiwa gunia.

Nenda jioni hiyo. "Fundi, habari ya kazi? Hivi vipande huwa mnapeleka wapi?" Usiende na mikono mitupu, wazee walishasema mkono mtupu haulambwi. Nunua soda, au shika ufagio umsaidie. Ukirudi wiki inayofuata utakuta amekuwekea kipande kisafi, na wiki ya tatu utakuwa unajua bei ya shiti nzima, anainunua wapi, na kama unaweza kuchangia nusu yake. Huo ujuzi hauko YouTube. Ila siku utakapoanza kuuza modeli, anza kumlipa fundi vipande vyake. Mwenzako naye anatafuta unga.

Wa pili ni fundi wa friji. Ganda jeupe la ndani ya mlango wa friji kuukuu mara nyingi ni polistairini ngumu au ABS, na mlango mmoja unaweza kukutosha mwaka. Mwache yeye mwenyewe aufungue. Friji ina gesi na mabomba, usijiingize huko na msumeno wako.

Wa tatu yuko mfukoni mwako. Ile kadi ambayo laini ya simu hutolewa kwayo, ambayo huwa unaitupa kabla hujatoka dukani, ina ukubwa wa kadi ya benki na unene wa milimita 0.76, kipimo kinachofuatwa dunia nzima. Plastiki ya unene huo ukiilipa ng'ambo utalipia na meli. Ni saizi nzuri sana ya milango, viti, bampa na ngazi ya kupandia kariani. Mawakala wa laini wanazo tele. Na tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kuna kadi za zamani zimelala kwenye droo za akina mama kote nchini. Muulize mama kwanza, tafadhali. Kitambulisho na kadi ya benki ya baba usiguse.

Kwa vioo hata usihangaike. Chupa ya soda ya plastiki ni angavu na tayari imepinda, na kioo cha mbele cha gari pia kimepinda. Kata kipande cha mbavuni mwa chupa kubwa. Kwa madirisha yaliyonyooka, maganda ya CD ambayo hakuna anayeyahitaji tena yanafaa, ingawa yanapasuka ovyo ukiyaharakisha.

Halafu kuna bomba. Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ni njia ambayo watu wengi hawaifikirii. Bomba la PVC la inchi 4, lile la maji machafu, lina kipenyo cha karibu milimita 110. Chukua kipande cha futi moja kilichobaki kwenye mjengo, kipasue kwa urefu upande mmoja kwa msumeno wa chuma. Ukikikunjua utapata bamba la karibu sentimita 30 kwa 34, bure. Kukikunjua ndiyo kazi. PVC huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Kitale iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo maji yetu huchemka kabla ya kufika 100, kwenye 93 au 94, na Bungoma juu kidogo ya hapo. Bado yanatosha. Karai kuukuu ambalo halitapikiwa tena, maji yanayotokota, kipande kizame chote kwa dakika kadhaa. Kitoe kwa koleo, vaa glavu nene, kifungue taratibu, kilaze juu ya ubao bapa, weka ubao mwingine juu na mawe, uende zako hadi kipoe kabisa. Huenda ukarudia mara mbili, bomba lina kumbukumbu. Bamba hilo ni nene, si la milango. Ni la sakafu na chasisi, sehemu zinazobeba uzito.

Nimesema maji, sikusema moto. Kuna watu watakuambia uliweke bomba juu ya jiko la makaa ni haraka zaidi. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu, na wewe uko kwenye chumba kimoja na mdogo wako amelala pale kitandani. Ikianza kutoa moshi hiyo si kazi tena, toka nje.

Sasa umerudi nyumbani na gunia la vipande mchanganyiko. Utajuaje ipi itashika gundi? Angalia kwanza kama kuna pembetatu ndogo yenye namba. Namba 6 ni polistairini, 3 ni PVC. Namba 2, 4 na 5 ni ndugu wa mtungi na ndoo, laini kama zimepakwa mafuta. Hizo gundi huzishika leo na kuachia kesho. Kama hakuna namba, kata kipande kidogo kama ukucha, kitie kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni, kisukume chini kwa kidole. Kikielea, ni wa ukoo wa ndoo, kiweke kando. Kikizama, una plastiki ya kufanyia kazi. Shiti yenye povu ya fundi wa mabango itaelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani, lakini hiyo unaijua ilikotoka. Jaribio hili halina gharama na halina moshi, na ndiyo sababu nalipenda kuliko lile la kuchoma kwa kiberiti ambalo kila mtu mtaani anajifanya mtaalamu wake.

Kukata nako kuna siri moja ndogo ambayo ukiijua utaacha kulaani. Plastiki ngumu haikatwi hadi chini. Weka rula ya chuma, pitisha kisu chenye wembe mpya mara mbili au tatu kwa mkono mwepesi, kisha kunja. Inavunjika kwenye mstari, safi, kama biskuti. Ukikandamiza kwa nguvu mara moja, wembe utateleza, na ukiteleza unajua unakoelekea. Rula ya plastiki ya shuleni weka mbali, wembe utaila na kugeukia kidole. Shiti ya povu peke yake ndiyo unaikata hadi chini, nayo taratibu. Madirisha yakate kabla hujaunganisha kuta, na kabla ya kukata dirisha toboa kitundu kwenye kila pembe yake. Bila kitundu, ufa unapita pembe na kwenda zake hadi kwenye paa. Ukisugua, tumia msasa wa maji, na uwe umelowa. Vumbi la plastiki ukilipuliza kwa mdomo linarudi kwako.

Kuunganisha ndipo wengi wanaharibu kazi ya wiki mbili kwa dakika mbili. Supaglu ni ya haraka, sawa, lakini kiungo chake kikianguka chini kinakatika kama kioo, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo. Vioo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Kwa kuta na paa unataka kitu kinachoyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kimoja. Kwa PVC ngumu, mafundi wa maji wanayo tayari, ile gundi ya kuunganishia mabomba. Tone moja kwa kijiti linatosha. Kwa polistairini na ABS, asetoni hufanya kazi. Maduka ya vipodozi huuza dawa ya kuondoa rangi ya kucha, soma chupa, nyingine hazina asetoni ndani. Shika vipande viwili pamoja, gusa mshono kwa brashi ndogo iliyolowa, asetoni itakimbia yenyewe ndani ya mshono. Hesabu hadi 30. Na vile vijipande vidogo visivyofaa kitu, vitie kwenye kichupa chenye asetoni kidogo, kesho utapata uji mzito wa kuziba nyufa. Plastiki inazibwa kwa plastiki.

Lakini tuseme wazi jambo ambalo kila anayeishi Kitale analijua na hapendi kulisema. Kuna watoto kwenye mitaa ya mji huu wanaotembea na chupa ya gundi puani. Ndiyo maana kijana akiingia dukani na kuomba gundi kali, muuzaji humtazama mara mbili, na wengine hukataa kabisa. Usimkasirikie. Nenda na modeli yako mkononi, mwonyeshe, mwambie ni ya nini. Ataelewa, na huenda akawa mteja. Ukishanunua, funga kifuniko kila baada ya tone, fanya kazi nje au mlangoni, usifanye karibu na jiko wala mshumaa, kwa sababu asetoni hushika moto kwa mbali. Na mtoto wa jirani anayekuja kukaa karibu yako akutazame ukifanya kazi, mwachie msasa na vipande asugue. Kichupa kiwe juu, mahali asipofika. Wewe unayetumia gundi hizi kama kifaa una deni kwa mji ambao umezizika ndani yake watoto wake.

Rangi nitaipitia haraka. Rangi ya magari iliyochanganywa na tina inakula polistairini, utaona uso unachubuka kama umemwagiwa maji moto. Pitisha kwanza rangi ya maji ya ukutani, tabaka nyembamba, ikauke, kisha puliza rangi yako kwa umbali, mara nyingi, kidogo kidogo. Na ukiunda matatu ya kawaida usisahau mstari wa manjano, sheria za Michuki zimekuwepo tangu Februari 2004 na mteja atauona haupo kabla hajaona kitu kingine chochote.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi. Kila modeli ninayoonyeshwa huku ni nganya ya Rongai au ya Umoja. Taa za buluu, picha ya mwanamuziki wa Marekani, spika nyuma. Ni kazi safi, sikatai, lakini Nairobi ina vijana maelfu wanaounda kitu hichohicho, na wanaishi karibu na wenye hizo nganya. Wewe unaishi mahali ambapo trekta inaburuta trela mbili za miwa kuelekea Nzoia, zimejaa hadi zinaning'inia, na watoto wanakimbia nyuma kuchomoa. Nani ameunda hiyo? Unaishi mahali ambapo msimu ukifika malori ya mahindi yanapanga foleni nje ya maghala ya NCPB, turubai zimefungwa kwa kamba za kila rangi, madereva wamelala chini ya gari. Kuna Probox za kwenda vijijini zilizobeba watu ambao hata siwezi kuwahesabu. Kuna baiskeli za boda, ambazo zilianzia jirani hapa Busia miaka ya 1960, watu wakivushwa mpaka kwa mpaka, na ambazo mtoto anayezaliwa leo huenda asizione kabisa. Kuna reli iliyofika Kitale mwaka 1926. Hakuna mtu wa Rongai anayeweza kukushinda kwa vitu hivi, maana wewe unajua trela ya miwa hulalia upande gani ikipita kwenye shimo.

Na plastiki yenyewe inapenda kazi hizo. Nganya inataka mikunjo mingi na mng'aro. Trela ya miwa ni chasisi ya bamba la bomba, nguzo za kusimama zilizokatwa kutoka kadi ya laini na kubandikwa mbili mbili ziwe nene, na miwa ni vijiti vya ufagio vilivyokatwa kwa urefu usiolingana. Kutu unapaka kwa sifongo. Ukikosea mkwaruzo, mteja atadhani umekusudia. Kwa anayeanza, hakuna modeli yenye huruma kuliko gari lililochakaa.

Najua utakachoambiwa nyumbani. "Mtu mzima hivyo, bado unacheza na gari?" Jibu halihitaji ukali. Bodys Isek Kingelez, mtu wa Congo aliyefariki 2015, alitumia maisha yake Kinshasa akiunda miji midogo kwa karatasi, katoni, vifungashio, mikebe ya soda na vipande vya plastiki, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa. Huku kwetu, mwaka huohuo wa 2018, mafundi wa jahazi wa Lamu walizindua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa sapatu zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Wale walikuwa maseremala wa mbao wanaojua kazi. Walichukua plastiki wakaitendea kama mbao, wakaipiga msumeno na kuipiga randa. Sikuambii utafika New York. Nakuambia kwamba hakuna aliyewaita watoto.

Kinachofanya uitwe mtoto ni bei. Mteja anakuja, mara nyingi ni mwenye gari lenyewe, mtu aliyelipa pesa ndefu kuchorwa ubavu wa matatu yake, anashika modeli yako na kuuliza, "Hii toy ni ngapi?" Wewe unatazama chini, unasema Sh800. Umeifanya kwa wiki tatu, saa tatu kila jioni, zaidi ya saa 60. Gawanya. Ni Sh13 kwa saa, na hapo bado hujatoa wembe, rangi wala asetoni. Yule anayemwoshea gari lake kwa ndoo hatakubali hiyo. Weka daftari. Kila jioni andika saa ulizokaa na kitu ulichonunua, hata wembe wa shilingi kumi. Saa 60 kwa Sh100 ni Sh6,000, rangi iko kando. Akishtuka, mfungulie daftari asome mwenyewe. Wengine wataondoka. Waende, wale walikuwa wanataka zawadi.

Na kuna wa aina nyingine, anayekuambia umfanyie bure kwanza, eti atakupostia na watu watakuja. Mwambie unaanza kazi nusu ya pesa ikishaingia kwa M-Pesa, na gari analileta mwenyewe ulipime kwa futi, bampa hadi bampa. Kama hana nusu, unda ile trela ya miwa kwa wakati wako, uiweke kwenye dirisha la kinyozi wa mtaani kwenu, jina lako na namba ya simu zikiwa zimebandikwa chini yake. Watu hukaa pale nusu saa wakingoja zamu, hawana la kufanya ila kutazama.